Kiambishi Hakizaliwi na Uchakavu: Ushahidi wa Kijerumani

Neno apartheid halihitaji kufasiriwa kwa msomaji wa Afrika. Tangu Chama cha National kilipotwaa serikali ya Afrika Kusini mwaka 1948, lilikuwa jina la sheria na la magereza. Ni wachache, hata hivyo, wanaolikata katikati. Mbele kuna apart, yaani kando, na nyuma kuna heid. Kipande hicho cha nyuma, ambacho Kiafrikana kilikirithi kutoka Kiholanzi, ni ndugu wa -heit ya Kijerumani, ile ya Freiheit (uhuru), Krankheit (ugonjwa) na Wahrheit (ukweli). Ni ndugu pia wa -hood ya Kiingereza katika childhood. Leo ni kiambishi tamati katika lugha zote hizo. Zamani kilikuwa neno kamili, lililosimama peke yake katika sentensi kama nomino nyingine yoyote.

Neno huru linageukaje kuwa kiambishi? Jibu lililozoeleka katika madarasa ya isimu ni uchakavu: neno linatumika mno, sauti zake zinapungua, maana yake inafifia, na mwishowe linajishikiza kwa neno lililo jirani. Antoine Meillet aliupa mchakato huu jina mwaka 1912, jina ambalo sisi tumelitafsiri kuwa usarufishaji. Kabla yake, mwaka 1891, Mjerumani Georg von der Gabelentz alisema kwamba lugha huvutwa na nguvu mbili, tamaa ya wepesi inayolegeza matamshi na tamaa ya uwazi inayoongeza maneno mapya pale yaliyolegea yasipotosha tena. Nguvu hizo aliziita kwa maneno Bequemlichkeit na Deutlichkeit, na kila moja ya istilahi hizo imebeba mkiani viambishi viwili tutakavyovirudia, -lich na -keit.

Naamini simulizi ya uchakavu inaeleza upande mmoja tu, na kwa viambishi vinavyounda maneno mapya inapotosha. Historia ya Kijerumani, lugha yenye maandishi ya zaidi ya miaka 1,200, inaonyesha kwamba neno linakuwa kiambishi pale linapojenga safu: maneno mengi yenye mwisho mmoja, hadi wasemaji wanaanza kuifuata safu yenyewe kama kielelezo badala ya kulifikiria neno lililoianzisha. Sauti zinaweza kupungua baadaye, au zisipungue kabisa.

Tuanze na heit, kwa kuwa ushahidi wake ni mwingi. Katika Kigothi, ndugu wa kale wa Kijerumani na lugha ya tafsiri ya Biblia iliyofanywa na askofu Wulfila katika karne ya 4, tunakuta haidus, maana yake namna. Ni neno huru, wala Kigothi hakijalitumia kuunda nomino nyingine. Katika Kijerumani cha Kale cha Juu, kuanzia karne ya 8, heit lina maana pana zaidi: mtu, hadhi, hali, jinsia. Watawa walilitumia kutafsiri persona ya Kilatini walipoeleza zile Nafsi tatu za Utatu. Lakini wakati huohuo heit linaonekana nyuma ya maneno mengine. Wīsheit, hekima, ni hali ya mwenye busara. Kindheit, utoto, ni hali ya mtoto. Magadheit ni hali ya mwanamwali.

Kwa nini safu hiyo ilijengeka haraka kiasi kile? Nadhani sababu kubwa ilikuwa tafsiri. Kilatini kilikuwa na nomino dhahania zisizo na idadi, na mtawa aliyeandika kwa Kijerumani alihitaji namna ya kuzipata hata kama hakuna aliyewahi kuzitamka sokoni. Safu inayoruhusu neno jipya kila siku ni chombo cha thamani kwa mtu wa aina hiyo. Karne kadhaa baadaye, Meister Eckhart, mhubiri Mdominiko aliyezaliwa karibu mwaka 1260, aliitumia safu hiyo kufikiria mambo ambayo Kijerumani kilikuwa hakijawahi kuyatamka. Alitunga hata isticheit, kutoka ist, yaani “ni” au “yuko”, ili azungumzie kule kuwapo kwenyewe. Alichukua kitenzi kilichokwisha kunyambuliwa akakitia kiambishi cha nomino, jambo ambalo neno heit, kama nomino huru yenye maana ya hadhi au mtu, lisingeliruhusu.

Sasa tazama sauti. Heit inatamkwa leo kama ambavyo ingetamkwa kama ingebaki nomino huru. Irabu yake haikufifia, na ndani ya neno refu ina mkazo wake mdogo. Hali ni hiyohiyo kwa -tum, kutoka tuom, neno lililomaanisha hukumu, mamlaka na hali, ndugu wa doom ya Kiingereza. Uo ya kale iligeuka u ndefu katika tuom kama ilivyogeuka katika maneno ya kawaida, na u hiyo bado ni ndefu katika Eigentum (mali) na Christentum (Ukristo). Na -schaft, ya Freundschaft (urafiki), ina uhusiano na kitenzi schaffen, kuumba, nayo imekaa bila kupungua. Viambishi vitatu, vyote vimekomaa, wala hakuna kilichopoteza silabi kwa sababu ya kuwa kiambishi.

Wapo watakaosema: basi ni kifo cha neno huru kilichozaa kiambishi, maana heit na tuom hazipo tena katika Kijerumani sanifu kama maneno. Tarehe zinakataa. Heit iliendelea kutumika kama nomino katika Kijerumani cha Kati cha Juu, karne za 12 na 13, wakati kiambishi chake kilikuwa kimeshatunga mamia ya maneno. Viwili hivyo viliishi pamoja kwa karne nyingi. Naona kwamba neno huru lilikufa kwa kunyang'anywa kazi: Person iliyotoka Kilatini ilichukua maana ya mtu, Stand ikachukua hadhi, Art na Weise zikachukua namna.

Mfano unaoonekana kuwapa nguvu watetezi wa uchakavu ni -lich, ya freundlich (-enye urafiki) na menschlich (-a kibinadamu). Chanzo chake ni neno la mwili. Kigothi kilisema leik. Kijerumani cha Kale cha Juu kilisema līh. Freundlich maana yake ya mwanzo ni mwenye mwili, au umbo, la rafiki. Hata gleich, yaani sawa, ni “mwenye mwili uleule”. Neno huru halikufa. Ni Leiche ya leo, maiti. Maana yake pana ya mwili wowote, hai au mfu, imesalia katika Fronleichnam, jina la Kijerumani la sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo.

Kwa nini basi Mjerumani hasikii maiti anapotamka freundlich? Hapa sauti zilifanya kazi kubwa. Kuanzia karne ya 12, i ndefu yenye mkazo ilianza kugeuka ei: mīn ikawa mein, zīt ikawa Zeit, na līch ikawa Leich, baadaye Leiche. Lakini mkiani mwa neno, mahali pasipo na mkazo mkuu, irabu ya -līch ilikuwa imeshafupishwa, hivyo mabadiliko hayo yakaipita. Ndugu wawili wakatenganishwa na kanuni ya matamshi. Nakubali kwamba huu ni upungufu wa sauti. Ila Kigothi, kilichotangulia kwa miaka mia nane, kilikuwa tayari na liubaleiks, -a kupendeza, pamoja na maneno mengine ya umbo hilo, huku leik ikiwa bado hai yenye sauti zote. Safu ilitangulia. Ufupisho ulikuja kufunga mlango ambao safu ilikuwa imeshausukuma.

Lakini kiambishi kinachoivunja kabisa simulizi ya zamani ni -keit, maana hakijawahi kuwa neno siku hata moja. Kilizaliwa kwa kukatwa vibaya. Kijerumani cha Kati cha Juu kilikuwa na vivumishi vinavyoishia kwa -ec, kama ēwec, wa milele. Ukikiongezea heit unapata ēwecheit, umilele. Sauti k na h zinapokutana hivyo, ulimi hauzitenganishi, na matokeo ni ēwekeit. Msikilizaji hana njia ya kujua kwamba k ilikuwa mali ya kivumishi. Anasikia ēwe na keit, na kesho yake anaitumia keit mahali pengine. Ndivyo ilivyofika kwenye Freundlichkeit (ukarimu), Dankbarkeit (shukrani) na Einsamkeit (upweke). Waandishi wa baadaye waliirudisha ig, wakapata Ewigkeit, na hapo mkato mwingine ukafanyika: watu walianza kuichukua -igkeit nzima kama kipande kimoja. Genau ni sahihi, na usahihi ni Genauigkeit, ingawa hakuna kivumishi genauig. Arbeitslos ni asiye na kazi, na ukosefu wa ajira ni Arbeitslosigkeit, ingawa hakuna aliyewahi kusema arbeitslosig.

Zaidi ya hayo, viambishi hivi ndugu vikagawana kazi. Kleinheit ni udogo. Kleinigkeit ni jambo dogo lisilo na uzito. Neuheit ni upya wa kitu. Neuigkeit ni habari mpya. Maana mpya imezaliwa baada ya “kufifia”. Anayesema usarufishaji ni kupungua tu kwa maana ana deni la kueleza jozi hizi.

Na -bar? Ilitokana na shina la beran, kubeba au kuzaa, ndugu wa bear ya Kiingereza. Fruchtbar ni -enye kuzaa matunda, yaani -enye rutuba. Msomaji anayejifunza Kijerumani atakutana na bar nyingine, ile ya fedha taslimu, hiyo haihusiki. Mwanzoni -bar ilishika nomino peke yake, tunda, shukrani, heshima. Lakini Kijerumani kina nomino nyingi zinazofanana na mashina ya vitenzi. Streitbar inatokana na Streit, ugomvi, au na streiten, kugombana? Zote mbili zinakubalika, na penye njia mbili wasemaji walipita ile mpya. Leo -bar hushika vitenzi na kutoa maana ya kuwezekana kutendwa: essbar, kinacholika; lesbar, kinachosomeka; machbar, kinachotendeka. Maana ya kubeba imetoweka na mahali pake imekaa maana ya uwezekano, yenye kanuni kali kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo niseme wazi: kiambishi hiki hakina maana pungufu kuliko neno kilikotoka, ila ni maana ya aina nyingine.

Nyingine nizipitie haraka. -haft ya schmerzhaft, -enye kuuma, inatokana na kivumishi kilichomaanisha kushikwa, na Haft bado ni kifungo cha mahabusu. Kiswahili chetu, kinachosema mtu ameshikwa na homa, kinalielewa wazo hilo bila maelezo. -sam ya einsam ina asili moja na same ya Kiingereza. Tena, tusidhani kila kiambishi kilikuwa neno. Franz Bopp, aliyeanzisha ulinganishi wa lugha za Kihindi-Kiulaya kwa kitabu chake cha mwaka 1816, alitafuta neno huru nyuma ya viambishi vingi, na wafuasi wake walikwenda mbali kupita kiasi. -er ya Bäcker, mwokaji, ilikopwa kutoka -arius ya Kilatini ikiwa tayari kiambishi. -ei ya Bäckerei, duka la mikate, ilipitia Kifaransa. Mkopo ni mlango halali kama ulivyo mlango wa maneno.

Ubishi mkali zaidi unahusu vipande vilivyo hai leo. -frei ni kiambishi au ni neno frei, huru, katika neno ambatani? Na -los je? Wanaisimu wa Ujerumani walibuni istilahi Affixoid, kitu kinachofanana na kiambishi, na wengine wao wamedai itupwe. Mimi siipendi, kwa kuwa inakipa jina kitu ambacho hatujaamua ni nini. Swali lenye faida ni jingine: je, neno huru linaweza kurudi mahali pake na kubeba maana ileile?

Lijaribu. Rostfrei ni kisichoshika kutu, na unaweza kusema frei von Rost, huru kutokana na kutu. Neno limerudi bila shida. Lakini shati likiitwa bügelfrei, maana yake halihitaji kupigwa pasi, na hakuna Mjerumani atakayesema kwamba shati hilo liko huru na pasi. Schulfrei ni siku isiyo na masomo. Hapo frei haiwezi kurudi. Kisha linganisha na los. Arbeitslos ni mtu aliyekosa ajira, na arbeitsfrei ni siku ya mapumziko. Sorglos ni mtu asiyejali hata anapopaswa kujali, na sorgenfrei ni mtu asiye na wasiwasi. Kinderlos ni asiye na watoto, mara nyingi kwa huzuni; kinderfrei ni asiyewataka. Safu hizi mbili zimegawana hukumu, moja ikisema umepungukiwa na nyingine ikisema umeondokewa na adha. Mgawanyo huo haumo katika los ya leo ikiwa peke yake, ambayo husikika zaidi katika Was ist los? (kuna nini?) na katika amri Los! (haya, twende!).

Kwa hiyo -frei ya rostfrei ni neno na -frei ya bügelfrei ni kiambishi, siku hiyohiyo, katika kinywa kilekile. Haya ndiyo ninayotaka yaeleweke kuliko mengine yote: ukiambishi ni sifa ya safu. Tukiuliza kama kipande fulani “kimeshakuwa” kiambishi, tunauliza swali lisilo na jibu, kwa sababu kipande kimoja huishi katika safu nyingi kwa mara moja. Angalia -zeug. Peke yake, Zeug leo ni takataka, vikorokoro, maneno ya kipuuzi. Flugzeug ni ndege, Fahrzeug ni chombo cha usafiri, Werkzeug ni zana, wala hakuna dharau ndani yake, kwa sababu safu ilijengwa wakati Zeug ilimaanisha vifaa. Neno lilishuka hadhi, safu ikabaki ilipo.

Uchakavu upo, sikatai, na mahali pake ni kwenye viambishi vya njeo. Sagte ni “alisema”, na -te hiyo ndogo huenda ni mabaki ya kitenzi tun, kufanya. Kigothi kinasema nasida, niliokoa, lakini nasidēdum, tuliokoa, na -dēdum hiyo inafanana mno na taten ya Kijerumani, tulifanya. Mjadala haujafungwa, ila wengi wanakubali. Hapa neno zima limesagika hadi silabi moja, kwa sababu njeo hurudiwa karibu katika kila sentensi. Kiambishi kinachounda neno jipya hakina msuguano wa namna hiyo. Kinahitaji kutambulika ili kitumike tena, na ndiyo maana -heit na -schaft zimebaki nzima.

Kiswahili kina ushahidi wa aina zote mbili. -ta- ya atakuja ilikuwa taka, na umbo zima bado limo katika atakayekuja. Huo ndio uchakavu wa njeo. Ridder Samsom na Thilo Schadeberg walitoa hoja mwaka 1994 kwamba -ni ya nyumbani ilitokana na ini, kiungo cha ndani ya mwili. Kikuyu bado kinatamka -inĩ. Hoja hiyo inavutia, ingawa ina swali la kujibu, kwa kuwa katika lugha zetu mwenye kumilikiwa hutangulia, hivyo tungetarajia ini likae mbele. Katika Kijerumani mambo ni kinyume: kipande cha mwisho ndicho kinachotawala. Freund, rafiki, ni nomino ya kiume, lakini Freundschaft ni ya kike kwa sababu -schaft imeamua hivyo. Neno linalotawala ndilo linalojenga safu, nalo linakaa nyuma. Ndiyo sababu maneno ya Kijerumani yaligeuka viambishi tamati. Kwetu linakaa mbele, na hapo ndipo ilipo mwana.

Mwananchi anaweza kurudishwa kuwa mwana wa nchi bila kupoteza kitu. Mwanasheria, mwanahabari, mwanasayansi na mwanaanga hawarudishiki hivyo. Hakuna uzao ndani yake, kuna mtu na fani yake. Bado tunasema wanasheria, na ngeli inafanya kazi kama ilivyokuwa, sawa na Irrtum na Reichtum, nomino mbili za -tum zilizobaki za kiume wakati wenzao wote ni za jinsia isiyo ya kiume wala ya kike. Wanaobishana kama mwana- ni nomino au kiambishi awali wote wana haki, kila mmoja kwa safu yake. Kamusi za Kijerumani huipa -los kidahizo chake, yaani mahali pake penyewe katika orodha ya maneno, mbali na kile cha los, zikieleza maana ya safu na mifano yake. Mwana- inastahili hivyohivyo katika kamusi za Kiswahili: kidahizo kimoja cha mtoto aliyezaliwa, na kingine cha safu ambayo bado inatunga maneno kila fani mpya inapoingia.